Jina refu la faili laweza kukwamisha malipo ya mkulima

Mkulima wa Machame anapopeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, huondoka na stakabadhi yenye uzito uliopimwa. Uzito huo ndio msingi wa malipo ya awali na ya pili. Katika vyama vinavyotumia kompyuta, kumbukumbu hizo hukaa kwenye mafaili, na jina la faili peke yake laweza kuleta usumbufu.

Enzi za DOS, jina la faili halikuzidi herufi 8, pamoja na 3 za kuonyesha aina yake. Karani aliandika KAHAWA94, basi. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, iliruhusu hadi herufi 255.

Hata hivyo, kikomo kingine kilibaki. Katika Windows, anwani nzima ya faili, yaani herufi ya diski, majina ya folda zote na jina la faili lenyewe, kwa kawaida haitakiwi kuzidi herufi 260. Tangu mwaka 2016 Windows 10 inaruhusu kikomo hicho kiondolewe, lakini kwa mpangilio maalumu, na si kila programu inaukubali.

Tatizo hujitokeza wakati wa kunakili. Folda ya msimu ikiingizwa ndani ya folda nyingine, anwani hurefuka. Kompyuta hutoa onyo, na karani mwenye haraka akichagua kuruka, faili hilo halinakiliwi. Kompyuta ya kwanza ikiharibika, kumbukumbu za mizani zimepotea.

Tarehe nayo ni mtego. Kuandika 5/10/2024 katika jina hakukubaliki, kwa kuwa mkwaju hutenganisha folda.

Mfano wa jina fupi uko jirani. Mbegu za kahawa za zamani kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungu huitwa N39 na KP423. Sifa zake huelezwa kwenye vitabu, si kwenye jina.

Karani, au mwenye duka anayetunza hesabu za madeni, na afanye hivyo hivyo: aanze na mwaka, kisha neno moja au mawili, mfano 2024-10-05_malipo-pili. Folda zisizidi tatu, moja ndani ya nyingine. Akimaliza kunakili, ahesabu mafaili pande zote mbili.

Naye mkulima asitupe stakabadhi zake. Mafaili yakipotea, karatasi hiyo ndiyo shahidi wake.