Nyimbo Tano za Mwaka 2020: Zipi Zimebaki?



Kila mwaka unapokaribia kwisha, redio hutupangia nyimbo zilizopendwa: huu wa kwanza, huu wa pili. Mimi sipendi haraka hiyo. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Wimbo mpya ni kama uji wa moto, hujui utamu wake mpaka upoe. Basi nimeungoja mwaka 2020 upoe, na leo nawaleteeni nyimbo tano ambazo hapa Nkowe bado nazisikia katika bodaboda, katika arusi, na midomoni mwa watoto waendao kisimani.

Kwa nini mwaka 2020? Bila shaka mwaukumbuka. Ulikuwa mwaka wa korona. Mwezi wa Machi shule zilifungwa, na watoto wetu wa shule za msingi hawakurudi darasani mpaka tarehe 29 Juni. Siku zote hizo walikaa nyumbani, na mwenye simu alikuwa mwalimu wao wa nyimbo. Kisha tarehe 24 Julai alifariki Mzee Benjamin Mkapa, Rais wa awamu ya tatu, jirani yetu wa kusini, akazikwa kwao Lupaso, Masasi, tarehe 29. Ule ulikuwa wakati wa maombolezo, si wakati wa dansi. Mwaka wa namna hiyo hupima nyimbo kweli kweli.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu atoaye alama bila kutaja sababu huwafundisha watoto ubishi tu. Basi vipimo vyangu ni viwili. Kwanza, je, wimbo umebaki? Pili, je, mtu aweza kuuimba mbele ya mkwe wake? Sina haja ya kueleza zaidi, maana sote twajua mtu anavyokaa mbele ya mkwe. Nyimbo nyingi zilizovuma mwaka ule zimeanguka katika kipimo cha pili. Sitazitaja, kwani kuzitaja ni kuzitangaza.

Wa tano: Litawachoma. Waimbaji ni Zuchu na Diamond Platnumz. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, yule malkia wa taarabu kutoka Zanzibar, na mtoto wa nyoka ni nyoka: vijembe amevirithi. Wimbo wenyewe ni mtamu, lakini nimeuweka wa tano kwa sababu kijembe ni moto wa makumbi. Ukiimbwa kisimani, kila mama hujiuliza, “Je, ni mimi anayesemwa?” Nyumba jirani zaweza kununiana wiki nzima kwa ajili ya wimbo mmoja.

Wa nne: Waah! Diamond aliutoa tarehe 30 Novemba 2020 pamoja na Koffi Olomide, mwimbaji mkongwe wa Kongo aliyezaliwa mwaka 1956. Huku kwetu majira hayo ni ya fedha za korosho, na fedha ikiingia miguu huwa myepesi. Usitafute mafundisho humo, hutayapata. Ni wimbo wa miguu, nao haujidai kuwa kitu kingine. Mzee aliyecheza rumba ujanani na mjukuu wake waweza kuucheza katika uwanja mmoja, na jambo hilo si dogo.

Wa tatu: Dodo, wa Alikiba. Jina lake ni la lile embe kubwa tulijualo sote. Ni wimbo wa mapenzi, nao umeimbwa kwa sauti ya utulivu. Vijana wafikiri kwamba mapenzi lazima yapigiwe kelele. Nawaambia, mke husifiwa kwa upole, na majirani wasisikie yote.

Wa pili: Suzanna. Huu ni wa Sauti Sol, vijana wanne wa Kenya, katika albamu yao ya mwaka 2020 iitwayo Midnight Train. Mwaka 2023 waliagana na wapenzi wao ili kila mmoja ashike njia yake kwanza, lakini Suzanna hakuondoka nao. Nimeupa nafasi ya pili kwa sababu ya sauti zao. Waimba pamoja, wala hakuna amezaye sauti ya mwenzake. Wanakwaya wetu, sikilizeni hapo! Kila parokia ina mtu mmoja atakaye asikike yeye peke yake.

Wa kwanza: Jerusalema. Wimbo huu ni wa Master KG wa Afrika Kusini, na mwimbaji ni mama Nomcebo Zikode, kwa Kizulu. Ulitoka mwishoni mwa mwaka 2019, lakini mwaka 2020 ndio ulioueneza duniani. Vijana wa Angola walijipiga picha wakiucheza huku wameshika sahani za chakula. Baadaye wauguzi, polisi, hata mapadre na watawa wa Ulaya, waliucheza ili kutiana moyo wakati wa ugonjwa. Rais Cyril Ramaphosa mwenyewe aliwaalika wananchi wake waucheze siku ya tarehe 24 Septemba. Nao wimbo wasema nini? Mwimbaji amwomba Mungu amlinde, asimwache huku, maana kwake ni Yerusalemu.

Hapa ndipo ubishi ulipo. Wazazi waletao majina ya watoto wao ili ndoa itangazwe huniuliza: “Karani, wimbo wa kumwomba Mungu wachezwaje uwanjani, penye vibuyu vya pombe?” Wengine wataka uchezwe hata kanisani. Mimi nasema hivi: Misa ina nyimbo zake, tusizichanganye. Lakini uwanjani, baada ya Misa, uchezeni! Afadhali miguu ifuate sala kuliko kufuata matusi.

Wazazi wenzangu, kuzima redio hakutoshi. Nyimbo huja na bodaboda, huja katika kadi ya simu, hupita dirishani. Fanya hivi: jioni mwite mtoto, mwambie akuimbie wimbo aupendao, kisha muulize, “Maana yake nini?” Akiweza kukueleza bila kuona haya, mwache aimbe. Akiinamisha kichwa, amekwisha kujihukumu mwenyewe, nawe huna haja ya fimbo.

Na akimaliza, wewe nawe umwimbie mmoja wa Kimwera, ule aliokuwa akiuimba bibi yake akitwanga. Huo haumo katika kadi ya simu. Usipouimba wewe, hataupata kwa mwingine.

Karani wa Parokia,
Nkowe