MFUMO WA LINUX KATIKA KOMPYUTA ZA AFISI: USUMBUFU WAKE NA NAMNA YA KUUKABILI

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizokuwa zikitumia mfumo huo bado ni nzima, lakini haziwezi kupokea Windows 11 kwa kuwa hazina kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, au kwa kuwa kichakataji chake ni cha zamani. Mwenye kompyuta ya namna hiyo hana budi kuchagua: ama anunue mpya, ama aweke mfumo mwingine. Mfumo unaotajwa mara nyingi ni Linux, ambao haulipiwi ada ya leseni.

Kauli kwamba Linux ni ya bure ni kweli, lakini si kweli yote. Makala haya yanaeleza usumbufu unaompata mtumiaji wa kila siku, sababu zake, na tahadhari zinazofaa kuchukuliwa kabla ya kuhama.

Linux ni nini

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kwa hakika Linux ni kiini tu cha mfumo. Taasisi mbalimbali hukichukua kiini hicho, hukiongezea programu nyingine, na kutoa mfumo kamili wenye jina lake, kama vile Debian, Fedora na Ubuntu. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imechukua jina lenye asili moja na neno letu "utu".

Wingi huo wa matoleo ndio usumbufu wa kwanza. Mtumishi aliyeelekezwa na mwenzake namna ya kurekebisha kasoro hukuta maelekezo hayo hayalingani na toleo lililomo katika kompyuta yake. Aidha, marekebisho mengi hutolewa kwa njia ya amri za kuandikwa kwa mkono badala ya vitufe vya kubonyeza. Karani aliyezoea kubonyeza hujikuta mgeni katika meza yake mwenyewe.

Vifaa

Kila kifaa kinachounganishwa na kompyuta huhitaji programu maalumu ya kukiendesha. Watengenezaji wengi huitayarisha programu hiyo kwa ajili ya Windows kwanza, kwani ndiko waliko wateja wengi. Kwa Linux, baadhi yao hushirikiana na wataalamu wa mfumo, na wengine hawatoi chochote, hata wataalamu wakalazimika kuchunguza wenyewe jinsi kifaa kinavyofanya kazi.

Matokeo yake ni kwamba kompyuta mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kabisa. Moja hufanya kazi siku hiyo hiyo. Nyingine haiupati mtandao usiotumia waya, au haiamki vizuri baada ya kulala, au skana yake haitambulikani. Printa nyingi mpya za mtandao hazina tabu siku hizi, lakini zile zinazotegemea programu ya mtengenezaji pekee huweza kukataa kabisa. Ikumbukwe kuwa afisi isiyoweza kuchapisha barua imesimama kazi, hata kama mfumo wenyewe ni mzima.

Nyaraka

Microsoft haitoi Word wala Excel za kuwekwa ndani ya Linux. Badala yake hutumika LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Programu hii hufungua nyaraka za Word, lakini waraka hauonekani sawasawa kila mara. Sababu moja ni aina za herufi: pale herufi zilizotumiwa na mwandishi zinapokosekana, kompyuta huweka nyingine zenye upana tofauti. Mistari husogea, jedwali huvukia ukurasa wa pili, na nafasi ya sahihi hubaki peke yake chini ya karatasi tupu. Kuwepo kwa herufi mbadala zenye upana ule ule, kama Liberation badala ya Times New Roman, hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa.

Majedwali ya hesabu yenye makro za Excel ni mtihani mkubwa zaidi. Chukua mfano wa mhasibu ambaye jedwali lake la malipo limejengwa kwa miaka kumi juu ya makro hizo. Jedwali likifunguka bila makro kufanya kazi, tarakimu zitaonekana ila hazitajikokotoa, na mwisho wa mwezi haungoji.

Saa

Usumbufu mwingine huwapata walioweka Windows na Linux katika kompyuta moja. Linux kwa kawaida huitunza saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa, ilhali Windows huichukulia saa hiyo kuwa ni ya majira ya mahali. Kwa kuwa Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3, mtumiaji anaporudi katika Windows huweza kukuta saa imerudi nyuma kwa kiasi hicho. Barua iliyoandikwa saa 4 asubuhi huonekana kuwa imeandikwa saa 1, kabla afisi haijafunguliwa. Dawa yake ni kuuelekeza mmoja wa mifumo hiyo miwili uifuate saa kwa njia ya mwenzake.

Mafunzo kutoka nchi nyingine

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2013, kompyuta zaidi ya 14,000 zikiwa zimehamishwa. Hata hivyo watumishi waliendelea kulalamikia nyaraka zilizobadilika mpangilio zilipopelekwa kwa afisi za nje, pamoja na programu maalumu zilizohitaji Windows. Mwaka 2017 Baraza la Jiji liliamua kurudi Windows. Wapo waliosema mfumo ndio uliokosea. Wengine walisema kasoro ilikuwa katika mgawanyo wa kazi baina ya idara za kompyuta, pamoja na siasa za Jiji.

Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walifuata njia tofauti. Mwaka 2005 walibadilisha kwanza programu ya kuandikia, kompyuta zikibaki na Windows. Baadaye wakabadilisha programu za mtandao na barua. Watumishi walipokwisha kuzizoea, ndipo mfumo wenyewe ukabadilishwa kuwa Ubuntu kuanzia mwaka 2008. Makumi ya maelfu ya kompyuta zao zimehamishwa kwa utaratibu huo. Mgeni kwa mtumishi ilikuwa nyumba tu. Vyombo vyake alikuwa amekwisha kuvizoea.

Hapa kwetu pia upo msingi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi yenye menyu za Kiswahili.

Tahadhari kabla ya kuhama

Afisi au mwananchi anayekusudia kutumia Linux anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Aorodheshe kwanza kazi anazozifanya kila wiki, na programu ambayo kila kazi inaihitaji. Programu moja isiyo na mbadala yatosha kuzuia uhamisho wa kompyuta hiyo.

(b) Aujaribu mfumo kwa kutumia flashi kabla ya kuuweka ndani. Kwa njia hiyo printa, skana, sauti na mtandao hupimwa bila kufuta kitu.

(c) Atumie LibreOffice katika Windows kwa miezi kadhaa kabla ya kubadilisha mfumo.

(d) Nyaraka zilizokamilika zipelekwe nje kwa muundo wa PDF, ili mpangilio usibadilike. Zile zinazoendelea kuhaririwa na pande mbili zikubaliwe muundo mmoja mapema.

(e) Achague toleo lenye msaada wa muda mrefu. Ubuntu ya aina hiyo hutolewa kila baada ya miaka miwili na hupata masahihisho ya kawaida kwa miaka mitano.

(f) Anakili majalada yote mahali pengine kabla ya kuanza, na ajulikane mapema mtu atakayeitwa likitokea tatizo.

Ada isiyolipwa kwa leseni hulipwa kwa muda, mafunzo na subira. Afisi iliyojipanga kwa gharama hiyo huweza kuipa kompyuta ya zamani miaka kadhaa ya kazi. Isiyojipanga itaishia kununua kompyuta mpya, baada ya kupoteza pia kazi ya mwezi mzima.