Jina la Rangi Halitoshi

Jirani yangu mmoja alikuwa akipaka rangi milango ya nyumba yake mpya. Rangi ilipomwishia kabla ya mlango wa mwisho, alimtuma mwanawe dukani, akamwambia, "Lete mkebe mmoja wa rangi ya kijani." Mtoto akaleta kijani, wala hakukosea. Lakini ile ya kwanza ilikuwa ya jani changa la mgomba, na hii ya pili ya jani la mkahawa. Hata leo nyumba ile ina mlango mmoja ulio mgeni kwa wenzake.

Kosa halikuwa la mtoto wala la mwenye duka. Kosa ni kudhani kwamba jina la rangi latosha kuieleza. Yafaa tuulize mambo matatu. Kwanza, rangi yenyewe ni ipi: nyekundu, manjano, kijani au buluu? Pili, imetiwa nyeupe? Ukitia nyeupe katika nyekundu, hupauka ikawa rangi ya waridi. Tatu, imetiwa nyeusi? Tia nyeusi katika nyekundu hiyo hiyo, nayo huingia giza mpaka ikawa ile tuiitayo damu ya mzee. Waridi na damu ya mzee ni ndugu wa tumbo moja, ingawa sura zao ni mbalimbali.

Mwaka 1905 mchoraji wa Marekani, Albert Munsell, alitoa kitabu kilichoonyesha jinsi ya kupima kila rangi kwa vipimo vitatu: rangi yenyewe, weupe au weusi wake, na ukali wake. Hata sasa wataalamu wa udongo huenda shambani na kitabu chenye vipande vya rangi vya mpango huo, wakalinganisha na donge la udongo, ili maneno "udongo mwekundu" yawe na maana moja kwa wote.

Wako wasemao kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya rangi, kwa kuwa tuna "-eupe", "-eusi" na "-ekundu" tu. Mimi sikubali. Mengine tumeyatwaa katika vitu tuvionavyo: kijani katika jani, kijivu katika majivu, kahawia katika kahawa, na zambarau katika tunda lake. Asemaye "kama jani changa la mgomba" amesema jambo ambalo mwenzake ataliona.

Kwa mkulima jambo hili ni fedha. Mahindi yakikosa naitrojeni, majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani; yakikosa fosforasi, majani ya miche huingia zambarau pembeni. Dawa ya ugonjwa mmoja siyo dawa ya mwingine. Amwambiaye Bwana Shamba, "Mahindi yangu yamebadilika rangi," hajamwambia kitu, naye aweza kununua mbolea isiyotakiwa. Kadhalika matunda ya kahawa: lililo jekundu kabisa lichumwe, la kijani lingoje, na lililokauka likawa jeusi limekwisha kupitwa na wakati wake.

Basi, ndugu msomaji, utakapotaja rangi, usiishie kwenye jina. Sema kama imepauka au imeingia giza, kisha taja kitu kifananacho nayo. Na ikiwezekana, peleka jani lenyewe. Jirani yangu siku hizi humpa mtoto kipande cha ubao kilichopakwa rangi ndipo amtume dukani.