MKAGUZI WA BOILA NA NYUNDO YAKE

Sote tumeona mfuniko wa sufuria ukirukaruka maji ya ugali yanapochemka. Sasa fikiria sufuria ya chuma, ndefu kama matatu, imefungwa kabisa, na juu yake wamelala abiria. Hiyo ndiyo boila ya meli ya mvuke.

Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kama mara 1,600 zaidi. Boila ikipasuka, maji yaliyobanwa kwa joto kali hugeuka mvuke papo hapo. Ndiyo maana mkaguzi haijaribu kwa mvuke. Huijaza maji baridi pomoni, kisha huyasukuma kwa pampu kupita kiwango cha kazi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1852 ilidai mara moja na nusu: boila ya pauni 110 kwa kila inchi ya mraba ijaribiwe kwa 165. Ikiwa dhaifu itavuja tu, wala hazikwi mtu. Pia hugonga mabati kwa nyundo akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele, kibovu hulia kama debe.

Chini ya sheria ya awali, ya 1838, mkaguzi alilipwa na mwenye meli. Jamani, nani atamkemea anayemlisha? Ile ya 1852 ikampa mshahara wa serikali na meno pia. Asiporidhika, hakuna cheti. Bila cheti, hakuna abiria. Aliweza hata kuiweka vali moja ya usalama mbali na mikono ya mabaharia, kwani wengine walizoea kuilemea uzito ili meli ikimbie.

Lakini mamlaka hayo yalikuwa na tundu. Aprili 1865, meli Sultana ilikuwa na cheti chake. Ilipofika Vicksburg, kwenye mto Mississippi, boila moja ilikuwa ikivuja. Fundi alitaka matengenezo makubwa. Nahodha alitaka kiraka, maana askari walisubiri kusafirishwa na kila kichwa kilikuwa na malipo yake. Kiraka kikapigwa. Meli ya watu 376 ikabeba zaidi ya 2,000. Usiku wa tarehe 27, karibu na Memphis, boila zililipuka, wakafa zaidi ya watu 1,100.

Wataalamu wangali wanabishania chanzo, kama ni kiraka au maji kupungua. Mimi nauliza jingine: pale Vicksburg, nani alikuwa na uwezo wa kumwambia nahodha, "Leo hung'oi nanga"? Mhandisi alikuwa mwajiriwa wa meli. Na wakaguzi walioipa cheti walikuwa St. Louis, mbali sana juu ya mto.