Mshipi wa Mvuvi na Nyuzi Nne za Ukulele

Jioni, mitumbwi ikiisha kupandishwa mchangani pwani ya Msasani, hapakosi vipande vya mshipi wa nailoni vilivyotupwa na wavuvi. Kwa mvuvi, mshipi uliochubuka haufai tena, kwani samaki wa kwanza mwenye nguvu ataukata. Kwa mtoto ni mali. Huuokota, akaukaza juu ya kopo la mafuta lililopigiliwa ubao, naye amepata gitaa. Watu wazima hukiita chombo hicho kelele. Hata hivyo, kopo hilo lina undugu wa karibu na ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne lipendwalo sehemu nyingi za dunia. Na undugu wenyewe si wa sura tu. Wako wapigaji wa ukulele wenye uwezo wa kununua nyuzi za dukani ambao, kwa kupenda kwao, hufunga mshipi wa kuvulia samaki.

Ukulele haukuanza katika visiwa vya Hawaii, ingawa huko ndiko ulikopata jina. Tarehe 23 Agosti 1879, meli Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wareno zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi ya mkataba katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao Madeira kulikuwa na gitaa dogo liitwalo machete. Maseremala hao walipofungua karakana Honolulu, walianza kutengeneza chombo cha namna hiyo kwa mbao za mti wa huko uitwao koa. Wenyeji wakakiita ukulele, neno ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye. Mfalme Kalākaua akakipenda, na maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yakakieneza Marekani. Mtu wa pwani yetu hatastaajabu sana kwa safari hiyo, maana gambusi nalo lilivuka bahari kutoka Arabuni kabla ya kuwa la Waswahili.

Kwa nini chombo hiki kinapendwa na watu ambao hawajapata kushika chombo chochote? Jibu kubwa limo katika udogo wake, na udogo huo unapimika.

Idadi ya mitetemo ya uzi kwa sekunde hutegemea mambo matatu: urefu wa uzi, mkazo wake, na uzito wa kila mita yake. Uzi ukiwa mfupi, hutetemeka upesi hata kama haukukazwa sana. Sehemu ya uzi itetemekayo katika ukulele mdogo ni sentimita 35 hivi. Katika gitaa la kawaida ni 65. Tuchukue mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.6 na kuutaka utoe mitetemo 440 kwa sekunde, yaani sauti A ya uzi wa kwanza wa ukulele. Katika urefu wa sentimita 35, mkazo utakaohitajika ni nyutoni 31 hivi, sawa na uzito wa kilogramu 3 na kidogo. Mshipi huohuo ukitakiwa kutoa sauti hiyohiyo katika urefu wa gitaa, utahitaji karibu kilogramu 11. Uzi wa kwanza wa gitaa la waya, wenye unene wa milimita 0.25, hukazwa kwa uzito wa kilogramu 7 hivi, nao ni mwembamba kiasi cha kukata ngozi. Kila aliyejifunza gitaa la waya ayakumbuka maumivu ya wiki za mwanzo. Mwanafunzi wa ukulele haondolewi na maumivu hayo kabla hajaonja utamu.

Jambo la pili ni mpangilio wa sauti. Nyuzi za gitaa huanzia mitetemo 82 hadi 330, tofauti ya oktava mbili. Nyuzi nne za ukulele, G, C, E na A, zina mitetemo 392, 262, 330 na 440. Zote zimo ndani ya oktava moja, na uzi ulio juu kabisa, ambao mtu angeutazamia uwe mnene, una sauti nyembamba. Kidole kimoja kikigandamiza mahali pa tatu kwenye uzi wa A, nyuzi zote nne hutoa kwa pamoja sauti tamu ya C. Kidole kimoja tu! Hakuna mzigo mwepesi zaidi wa kuanzia.

Wanaochagua mshipi wa kuvulia huwa na sababu yao. Pamoja na nailoni, wavuvi hutumia mishipi ya florokaboni. Sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina gramu 1.14, ya florokaboni ina 1.78. Kwa hiyo mshipi wa florokaboni wa milimita 0.48 una uzito sawa na ule wa nailoni wa 0.6. Zaidi ya hayo, florokaboni haifyonzi maji, ilhali nailoni hufyonza, na hewa ya pwani haikosi unyevu.

Shule isiyo na vyombo vya maabara yaweza kuyahakikisha haya kwa ubao, msumari na dumu la maji. Mshipi wa milimita 0.6 hufungwa kwenye msumari, hupitishwa juu ya vijiti viwili vilivyotengana kwa sentimita 35, kisha huning'inizwa dumu ukingoni mwa meza. Lita moja ya maji hutoa mitetemo karibu 250 kwa sekunde, chini kidogo ya C ya ukulele. Lita tatu hutoa karibu 430, jirani na A. Programu ya simu ya kupimia sauti itathibitisha. Kabla ya kuijaribu lita ya pili, mwalimu na awaulize wanafunzi maji mangapi yatapandisha sauti ya lita moja kwa oktava nzima. Wengi watajibu mbili. Jibu ni nne, kwa kuwa mitetemo hufuata kipeuo cha pili cha mkazo. Kosa hilo si la aibu: waandishi wa muziki walilirudia kwa karne nyingi, mpaka Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alipoandika mwaka 1589 kwamba uzito unaohitajika ni mara nne. Wanafunzi wasimame kando ya mshipi, si mbele yake, usije ukakatika.

Sasa turudi kwenye kopo la Msasani na lile neno kelele. Mara nyingi kosa haliko katika mshipi wala katika kopo, bali shingoni. Mtoto aliyeiona gitaa ya kweli hujua kuwa shingo ina vizuizi vidogo, viitwavyo freti, naye hupigilia vipande vya waya kwa nafasi zilizolingana. Katika gitaa ya kweli nafasi hizo hazilingani; huzidi kupungua kuelekea kwenye sanduku. Galilei huyohuyo alitoa kanuni mwaka 1581: kila freti iondoe sehemu moja ya 18 ya urefu uliobaki. Hesabu ya leo hutumia 17.8. Kwa uzi wa sentimita 35, freti ya kwanza huwa sentimita 2.0 kutoka kichwani, ya tatu 5.6, ya tano 8.8, ya saba 11.6, na ya kumi na mbili 17.5, nusu kamili. Anayeigawa nusu hiyo sawasawa ataiweka freti ya saba kwenye sentimita 10.2, nayo itatoa mitetemo 621 badala ya 659: sauti ya chini kwa nusu toni. Sikio la mtoto husikia kwamba kuna kosa. Anachokosa ni rula na hesabu ya kidato cha pili.

Mwalimu aliyemnyang'anya mwanafunzi kopo lake amrudishie, pamoja na rula. Akiisha kuzisogeza freti, avumilie siku tatu nne za kukaza upya kila asubuhi, maana nailoni mpya huendelea kurefuka kabla ya kutulia.