Alama za Uhai: Hesabu ya Merikebu Juu ya Mwili wa Mtu

Kila aliyekulia karibu na bandari ajua ya kuwa chombo hakizami kwa pigo moja. Ubao huvunjika, maji yakaingia, mabaharia wakayakumba, na safari ikaendelea. Ama mwanadamu, kisu kimoja chamtosha. Basi je, yafaa uhai wa mtu uhesabiwe kama uhai wa chombo?

Suala hili limewashughulisha wachezaji wa mchezo uitwao Dungeons & Dragons tangu mwaka 1974, ulipotolewa huko Marekani na Gary Gygax wa Wisconsin na Dave Arneson wa Minnesota. Watu huketi mezani, mmoja wao akasimulia kisa na kuamua, na kila mmoja wa wengine akashika nafasi ya mtu wa kubuni: askari, kasisi au mchawi. Wa kubuni huyo hupewa alama za uhai. Akipigwa hupunguziwa, zikimalizika ameanguka. Michezo mingi ya kompyuta na simu iliirithi hesabu hiyo, hata vijana wetu waijua bila ya kujua ilikotoka.

Na ilitoka baharini. Arneson alieleza baadaye kwamba wachezaji wake hawakupenda kuwapoteza mashujaa wao kwa pigo moja, naye akaazima hesabu kutoka kanuni alizozitunga za vita vya merikebu za chuma, zile za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Kwa merikebu hesabu hiyo ni ya haki. Tarehe 9 Machi 1862, Monitor na Virginia zilipigana mizinga kwa muda wa saa nne hivi, isizame hata moja. Walakini kombora lililopiga chumba cha usukani cha Monitor lilimjeruhi macho nahodha wake, John Worden. Chuma kilistahimili, jicho halikustahimili.

Hapo ndipo palipo na fumbo. Kwa kanuni za 1978, askari mwanagenzi hurushiwa dadu moja ya pande kumi, na yule wa daraja ya nane hurushiwa dadu nane, apate kwa wastani alama 44. Upanga wa kutoa alama nane humwangusha mwanagenzi mwenye tano, ilhali mkongwe hubaki na 36. Je, nyama ya mkongwe ni ngumu mara nane? Hasha!

Gygax alijibu katika kitabu chake cha mwaka 1979. Alisema alama hizo nyingi si nyama wala damu, bali ni ujuzi wa vita, bahati, na himaya isiyoonekana. Pigo ambalo lingemuua mwanagenzi, mkongwe huliepa likamkwaruza tu, naye akachoka kidogo. Ni kama nahodha mzoefu na nahodha mgeni katika tufani moja: mawimbi ni yale yale, lakini mmoja ajua kuligeuza tanga.

Jawabu ni zuri, lakini halikumaliza ubishi. Kasisi wa mchezo huo husoma dua ya kuponya majeraha, na alama zikarudi. Kama kilichopungua ni bahati, kilichoponywa ni nini? Fauka ya hayo, mwenye alama moja hupigana sawa na mwenye 44, asichechemee. Ndiyo maana mchezo wa RuneQuest, uliotoka 1978, ulikataa njia hiyo: kila kiungo kina alama zake, na ukongwe hauziongezi. Humo bingwa aweza kukatwa mguu na mtu duni.

Kwa maoni yangu, Gygax aliona jambo ambalo hesabu yake haikuweza kulibeba. Hukumu ya dadu tuwaachie masheikh. Lakini mzee aliyevuka tufani nyingi hasemi kwamba mwili wake ni mgumu. Husema alijifunza, akajaliwa, na siku yake ilikuwa haijafika. Mchezaji huitazama karatasi akajua amebakiwa na alama ngapi. Sisi ajali zetu zimeandikwa, na karatasi yake hatukuonyeshwa. Kwa hiyo mwenye busara hujifunza usukani mapema, wala haringi kwa tufani aliyoivuka jana.