Kabla ya kunyanyua chuma, tuangalie soli



Tangu baadhi yetu tuanze kwenda jimu asubuhi, swali moja linarudi kila tunapokutana: tuvae viatu gani? Mimi nilikuwa najibu haraka, "Vaeni vyovyote mlivyo navyo." Sijibu hivyo tena.

Mtoto wangu mkubwa alikuwa amenizawadia raba, zile tunazoita basikete. Nyeupe, soli nene kama mkate, laini mpaka ukitembea unadhani uko juu ya godoro. Nikazivaa kwa furaha. Siku hiyo mwalimu aliniwekea chuma mabegani: fimbo yenyewe kilo 15, na kilo 5 kila upande. Jumla kilo 25. Ni uzito wa mfuko wa unga, na mfuko wa unga tunautoa soko la Kadutu mpaka nyumbani huku tunapiga habari njiani. Nikachuchumaa vizuri. Wakati wa kusimama, kisigino cha kushoto kikazama ndani ya soli, mguu ukalalia upande wa ndani, goti likaufuata. Chuma kikainama. Mwalimu alikidaka, Mungu asaidie. Lakini goti liliniuma majuma matatu, na majuma yote hayo ni binti yangu aliyepanda mlima na ndoo za maji kabla ya kwenda shuleni.

Viatu vile havikuwa vibaya. Vilitengenezwa kwa kazi nyingine. Mtu anayekimbia anapiga chini kwa nguvu kila hatua, na ile sponji ya soli inapunguza kishindo. Mwenye kunyanyua chuma hapigi hatua. Anasimama palepale na kuisukuma ardhi kwa miguu yote miwili. Sponji ikilemewa inabonyea, tena haibonyei sawasawa. Mama yeyote aliyepika juu ya mafiga anajua: jiwe moja likikaa kwenye tope, sufuria inaelekea upande huo, hata kama mawe mengine mawili ni imara.

Basi tunatafuta nini? Soli ngumu, iliyolala sawa, isiyo nene. Hapa sokoni kwenye rundo la viatu vya chagua ndipo akili inapohitajika kuliko pesa. Bonyeza kisigino kwa dole gumba, kwa ndani. Kidole kikizama kama kwenye andazi, rudisha kiatu mahali pake. Kisha kiweke juu ya meza au ubao na ukitazame kwa nyuma. Viatu vya chagua vimeshavaliwa, na mwenye navyo wa kwanza aliacha mwendo wake humo: kama soli imelika upande mmoja, utasimama upande huo huo ukiwa na chuma mabegani. Muuzaji atakuambia ni kidogo tu. Muache aseme.

Nenda kununua mchana au jioni, maana mguu huwa umevimba kidogo kuliko asubuhi. Na mama aliyezaa asitegemee namba yake ya usichana. Mimba inaweza kurefusha au kupanua mguu, na wengine hawarudii hali ya zamani. Vidole vikae wazi ndani ya kiatu, vishike chini. Kisigino kisipande na kushuka.

Viatu vya kitambaa vyenye soli ya mpira iliyo bapa, vya aina ya Converse, vinafaa sana, na hata wanyanyuaji hodari wengi wanavivaa. Vinapatikana kwenye chagua. Vyangu nilivinunua dola sita.

Mtasikia pia habari za viatu maalumu vya wanyanyuaji. Ndivyo wanavyovaa wanawake wa Olimpiki, ambao walianza kushindania vyuma huko mwaka 2000, Sydney. Vina kisigino kigumu kilichoinuka kama sentimeta 2, na mkanda wa kufunga juu ya mguu. Kisigino kile kinamsaidia mtu ambaye kifundo cha mguu hakikunjiki vizuri: anachuchumaa chini zaidi na kifua kinabaki wima. Ila kwa kuinua chuma kutoka sakafuni, soli bapa ni bora. Bei yake si ndogo. Kwa maoni yangu, sisi tunaoanza tulipe kwanza ada ya watoto.

Kambambili hapana. Hazishiki nyuma, mguu unateleza. Soksi peke yake juu ya sakafu laini, pia hapana. Miguu mitupu wengine wanaipenda, na kweli inasimama imara, lakini angalieni kwanza kama jimu yenu inaruhusu. Wenye ugonjwa wa sukari wasijaribu, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuua hisia za miguu na mtu akaumia bila kujua. Wao wavae viatu visivyobana, wapitishe mkono ndani kabla ya kuvaa, na waitazame miguu yao baada ya mazoezi.

Jambo la mwisho ni tope letu la msimu wa mvua. Bebeni viatu vya mazoezi ndani ya mfuko, mbadilishe mkifika. Soli yenye udongo inateleza hata ikiwa ngumu namna gani. Na anayetaka kukimbia siku hiyo hiyo abebe zile raba laini pia. Hapo ndipo kazi yake.

Zile nyeupe zangu sasa anazikimbilia binti yangu. Mimi niko na za buluu, kamba moja nyeupe na nyingine nyeusi, msinicheke. Wale mtakaokuja Alhamisi, fikeni mapema kidogo na viatu vyenu mkononi, tuvibonyeze visigino kabla hatujagusa chuma.